Kivinjari kimekataa tovuti: urekebishe saa, usasishe, ubadili mtandao au upite tu?

“Mjomba, intaneti yote imekufa.”

Ndivyo mpwa wangu alivyoanza. Alikuwa ametoa kabatini laptop iliyolala humo zaidi ya mwaka, akaichomeka kwenye umeme, akaunganisha Wi-Fi, na kila tovuti aliyoigusa ikamletea ukurasa uleule: alama nyekundu, onyo kwamba muunganisho si wa faragha, na chini yake kwa herufi ndogo NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kabla ya kunipigia alikuwa ameshafuta historia, ameshafuta kuki, ameshaondoa kivinjari na kukisakinisha upya. Nikamwomba atazame kona ya skrini anisomee tarehe. Akanyamaza kidogo.

“Hapa inasema Januari, mwaka 2015.”

Kazi ya nusu dakika, naye alikuwa ameihangaikia asubuhi nzima. Simlaumu. Ukitafuta namna ya kuondoa kosa la cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho tovuti hukionyesha kwa kivinjari, utapewa dawa saba au nane zilizorundikwa pamoja: rekebisha saa, sasisha kivinjari, zima antivirusi, futa kashe, badili mtandao, sakinisha cheti, bonyeza uendelee. Zinatolewa kana kwamba zote zina uzito mmoja, na wewe kazi yako ni kuzijaribu moja baada ya nyingine mpaka onyo litoweke. Lakini kila moja ina ugonjwa wake, na mbili kati yake hazitibu kitu. Zinamziba mlinzi mdomo tu. Nitazilinganisha hapa ili ujue ya kuanza nayo na ya kuogopa.

## Soma kosa kwanza, dawa baadaye

Kabla ya kukufungulia ukurasa, kivinjari hukitazama cheti cha tovuti na kuuliza maswali matatu. Tarehe ya leo iko kati ya siku kilipoanza na siku kitakapoisha? Jina lililoandikwa ndani yake ndilo jina la tovuti uliyoiomba? Na saini iliyopo inafuatilika hadi kwa mamlaka ya vyeti, yaani shirika linalovitoa, ninayoiamini? Jibu la “hapana” kwa swali moja tu linatosha kukufungia mlango.

Bahati nzuri ni kwamba kivinjari hakifichi swali lililoshindwa. Kwenye Chrome, Edge na ndugu zao, msimbo unaoishia na DATE_INVALID ni suala la tarehe, COMMON_NAME_INVALID ni suala la jina, na AUTHORITY_INVALID ni suala la saini. Firefox inatumia maneno yake: SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE kwa cheti kilichoisha, SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN kwa jina lisilolingana, SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwa mtoaji asiyejulikana. Wakati mwingine msimbo umejificha nyuma ya kitufe cha maelezo zaidi, ufungue. Watu wengi huniletea picha ya onyo iliyokatwa mahali hasa palipokuwa na msimbo.

Ukishausoma, fanya majaribio mawili. Fungua tovuti nyingine tatu au nne zisizohusiana: zote zikigoma, kosa liko kwako au njiani, ikigoma moja tu, kosa huenda ni la tovuti yenyewe. Kisha zima Wi-Fi, tumia data ya simu, ufungue tovuti ileile. Ikifunguka, mtandao uliotoka ndio wenye jambo. Majaribio hayo hayachukui dakika tatu, na yanakuepusha na nusu ya dawa.

| Dawa | Itumie ukiona | Muda | Hatari |
|---|---|---|---|
| Kurekebisha saa | Tovuti nyingi zinagoma, kosa ni la tarehe | Dakika moja | Hakuna |
| Kusasisha mfumo na kivinjari | Kifaa cha zamani, baadhi ya tovuti zinagoma kwa kosa la saini | Nusu saa au zaidi | Hakuna ya maana |
| Kuingia kwenye ukurasa wa Wi-Fi au kubadili mtandao | Kosa linatoweka ukitumia data ya simu | Dakika mbili | Hakuna |
| Kuzima ukaguzi wa wavuti wa antivirusi | Cheti kimetolewa kwa jina la antivirusi yako | Dakika tano | Ndogo |
| Kupita onyo | Kifaa chako mwenyewe, kwa mfano ruta | Sekunde chache | Kubwa kwa tovuti ya nje |
| Kusakinisha cheti cha mzizi | Kompyuta ya kazini, kwa maelekezo ya idara husika | Dakika kumi | Kubwa kuliko zote |

Kufuta kashe na kuki sikukuweka humo kwa makusudi. Kashe inahifadhi picha na kurasa, kuki zinahifadhi kumbukumbu za kuingia. Cheti hupokelewa upya kutoka kwenye seva. Ukifuta, utakachopata kwa uhakika ni kutolewa kwenye akaunti zako zote.

## Saa

Kama kosa ni la tarehe na limekumba tovuti nyingi, usiende kokote kabla ya kutazama saa. Kompyuta iliyokaa bila umeme hutegemea betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, mara nyingi aina ya CR2032. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni siku ilipotengenezwa programu yake ya awali, au karibu na hapo. Kwa mashine inayodhani ni 2015, cheti kilichotolewa mwezi uliopita ni cheti cha siku zijazo. Haina namna ya kukikubali.

Hapa kuna uchaguzi mdogo: uweke saa kwa mkono, au uiruhusu ijirekebishe kwa mtandao? Chagua ya pili kila inapowezekana, kwa sababu ya eneo la saa. Nimeona mara kadhaa mtu anatazama saa yake ya mkononi, anaandika saa ileile kwenye kompyuta, lakini eneo la saa lililochaguliwa ni la bara jingine. Macho yanaona sawa. Ndani, kompyuta hupiga hesabu ya saa ya dunia kwa kutumia eneo lile, na jibu linakuwa limepotoka kwa saa kadhaa. Tovuti nyingi zitafunguka bila shida, maana cheti cha kawaida kina wiki au miezi mbele na nyuma. Itakayogoma ni ile iliyobadilisha cheti chake leo asubuhi. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti vya bure, kwa mfano, huandika muda wa kuanza wa vyeti vyake saa moja nyuma ili kuvumilia saa zilizochelewa kidogo. Saa yako ikiwa nyuma kwa saa tatu, uvumilivu huo haukufikii. Kesho yake tovuti inafunguka yenyewe, na wewe unabaki ukidhani ni kwa sababu ulizima na kuwasha ruta.

Na kama saa inarudi nyuma kila unapochomoa umeme, ni betri. Mpwa wangu aliirekebisha mara tatu ndani ya wiki moja kabla hajakubali kununua betri mpya.

## Kusasisha au kubadili kivinjari?

Hili ndilo lenye historia ndefu, na linawaumiza zaidi wenye vifaa vya zamani.

Kila kifaa kina orodha ya mamlaka zinazoaminika, na kila mamlaka kwenye orodha hiyo ina cheti chake kikuu, kiitwacho cheti cha mzizi. Nacho kina tarehe ya kuisha. Simu inayosasishwa hupata mizizi mipya kabla ya ile ya zamani kufa. Simu iliyosahaulika na mtengenezaji hubaki na orodha ya siku ilipotoka kiwandani. Dalili yake ni ya pekee: baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri, nyingine zinagoma kwa kosa la saini, wala huoni kinachozitofautisha. Kinachozitofautisha ni mamlaka iliyotia saini.

Mfano unaojulikana ni DST Root CA X3. Ndio mzizi ulioibeba Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti vya bure mwaka 2015, kabla mzizi wake yenyewe, ISRG Root X1, haujaingia kwenye vifaa. Mzizi ule wa kwanza uliisha tarehe 30 Septemba 2021, na siku hiyo Mac na iPhone za zamani zikaanza kukataa tovuti zilizokuwa nzima kabisa. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zilinusurika kwa mlango wa nyuma: Android haikuwa ikitazama tarehe ya kuisha ya mzizi wenyewe, basi ikapatikana saini ya ziada iliyozibeba miaka mitatu mingine. Mpango huo nao ulimalizika 2024.

Sasa linganisha njia mbili. Kusasisha mfumo endeshi wote ndiyo tiba kamili: kunaleta mizizi mipya kwa kivinjari na kwa programu nyingine zote, ikiwemo ya barua pepe. Tatizo ni kwamba kwa kifaa kilichoachwa, sasisho halipo. Unabonyeza kitufe, kinakuambia uko kwenye toleo la mwisho, mazungumzo yamekwisha.

Njia ya pili ni kubadili kivinjari, na inafanya kazi kwa sababu ambayo wengi hawaijui: isipokuwa kwenye iPhone na iPad, Firefox haitegemei orodha ya kifaa. Inakuja na orodha yake yenyewe ya mizizi. Ndiyo maana Let's Encrypt yenyewe iliwashauri wenye Android za zamani watumie Firefox. Chrome nayo ilianza kuhamia kwenye orodha yake kuanzia 2022, ila kwa kifaa cha zamani hilo halisaidii sana, maana toleo jipya la Chrome halikubali kusakinishwa humo. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 mwaka 2023, wakati Firefox iliendelea kuuhudumia mfumo huo kupitia tawi lake la muda mrefu la toleo la 115.

Uamuzi wangu ni huu: kama sasisho la mfumo lipo, fanya hilo, hata kama litakula bando. Kama halipo, weka Firefox na utumie kifaa hicho kusomea habari na kutazama video. Mambo ya benki usiyafanyie humo. Kifaa ambacho hakipati mizizi mipya hakipati pia viraka vya usalama, na tundu lililobaki wazi Firefox haiwezi kulifunika.

## Mtandao ulioko katikati

Wi-Fi ya hoteli, uwanja wa ndege au ukumbi wa mikutano mara nyingi hutaka kwanza ukubali masharti au uandike namba ya chumba. Ili kukufikisha kwenye ukurasa huo, mtandao hukatiza ombi lako la kwanza. Ukiwa umeomba tovuti yenye usimbaji, yaani inayoanza na https, anayekujibu ni kifaa cha hoteli chenye cheti cha jina jingine, na kivinjari kinapiga kelele. Kina haki ya kupiga kelele, maana kweli kuna mtu kasimama kati yako na tovuti, ingawa anachotaka ni namba ya chumba tu.

Dawa ni kufungua tovuti isiyo na usimbaji kabisa, ili mtandao ukatize bila kugombana na cheti chochote. Ipo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, neverssl.com. Iandike, ukurasa wa kuingia utatokea, jaza, endelea na safari. Ukishaingia na onyo bado lipo kwenye tovuti za kawaida, achana na mtandao huo. Tumia data yako.

Antivirusi ni jirani wa tatizo hili, isipokuwa yeye anakaa ndani ya nyumba yako. Nyingi kati yake hufungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyakagua, kisha huyafunga upya kwa cheti zilichojitengenezea. Mambo yakienda sawa hujui. Yakiharibika, labda baada ya sasisho nusunusu, kila tovuti inagoma, na Firefox huweza kukuandikia MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED. Kuthibitisha ni rahisi: kwenye ukurasa wa onyo fungua maelezo ya cheti, tafuta mstari wa mtoaji. Ukikuta jina la antivirusi yako badala ya mamlaka ya vyeti, umempata mhusika. Nenda kwenye mipangilio yake uzime ukaguzi wa HTTPS peke yake. Watu huzima antivirusi nzima, au huiondoa, wakati sehemu yenye kosa ni swichi moja. Binafsi swichi hiyo huwa naiacha imezimwa siku zote. Kivinjari cha leo kinajua kazi yake, na programu hiyo bado inakagua faili unazopakua.

Kazini hali ni tofauti. Kampuni nyingi hukagua mawasiliano ya wafanyakazi kwa njia hiyohiyo, kwa uwazi na kwa sera. Kompyuta ya kampuni ikianza kugoma, sababu ya kawaida ni kwamba cheti cha kampuni hakijafika kwenye mashine yako. Peleka kwa watu wa kompyuta, usijitibu.

## Kupita onyo dhidi ya kusakinisha cheti

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi unaozunguka. Watu huogopa kitufe cha kuendelea, kwa kuwa kimefichwa chini na kimeandikwa kwa maneno ya kutisha. Kusakinisha cheti cha mzizi hawakuogopi, kwa kuwa kunafanana na matengenezo: unapakua faili, unabofya mara mbili, unakubali, na onyo linatoweka milele. Hatari halisi imekaa kinyume chake.

Ukipita onyo, umefanya kosa lenye mipaka. Ni kwa tovuti hiyo moja. Chrome hukumbuka ruhusa hiyo kwa wiki moja, kisha inauliza tena. Firefox kwenye dirisha la kawaida huihifadhi kama ruhusa ya kudumu, lakini bado ni kwa tovuti hiyo tu, na unaweza kuifuta kwenye mipangilio. Ukisakinisha cheti cha mzizi, umempa mwenye cheti hicho uwezo wa kujifanya tovuti yoyote duniani mbele ya kivinjari chako, ikiwemo benki yako, bila onyo hata moja, mpaka siku utakapokumbuka kukiondoa. Hujui kama aliyekupa ni mwaminifu. Na hata akiwa mwaminifu, hujui anautunza vipi ufunguo wake wa siri.

Mwaka 2015 iligundulika kwamba laptop kadhaa za Lenovo zilikuwa zinauzwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyosakinisha mzizi wake ili iweze kupachika matangazo kwenye kurasa zilizosimbwa. Ufunguo wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote, nao umo ndani ya programu yenyewe. Aliyeuchomoa kwenye laptop moja aliweza kumdanganya mwenye laptop yoyote kati ya hizo. Mwaka 2019, Kazakhstan iliwataka wananchi wasakinishe mzizi wa serikali ili kuendelea kutumia intaneti. Agosti mwaka huohuo Google, Mozilla na Apple wakauzuia ndani ya vivinjari vyao, hata kwa aliyekuwa ameshausakinisha kwa mkono wake.

Kwa hiyo tovuti ya nje ikikuambia “pakua cheti chetu ili uweze kuingia”, jibu ni hapana. Ukilazimika kuchagua kati ya hilo na kupita onyo mara moja, pita.

Lakini upite wapi? Fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako, mathalani kwenye 192.168.1.1, au wa printa iliyo mezani. Vifaa hivyo hujitilia saini vyenyewe, kwa kuwa hakuna mamlaka ya umma inayoweza kutoa cheti kwa namba ambayo mamilioni ya ruta zinaitumia kwa wakati mmoja. Onyo litakuja hata kama kila kitu kiko salama. Uko kwenye mtandao wako, kifaa unakiona kwa macho, ingia.

Tovuti ya habari iliyoisha cheti jana usiku? Huyo karibu kila mara ni mhudumu aliyesahau. Ningesubiri, lakini nikiwa na haraka ya kusoma tu ningeifungua kwenye dirisha la faragha. Sababu ya dirisha la faragha ni jambo ambalo watu hawalifikirii: hata usipoandika nywila, kivinjari hupeleka kuki zako za kuingia pamoja na ombi la kwanza. Kama kuna mtu katikati, ameshazipokea kabla ukurasa haujamaliza kutokea. Dirisha la faragha linaenda mikono mitupu.

Jina lisilolingana ni la kupimwa zaidi. Likiwa tofauti ya www tu, yaani cheti kina jina bila www nawe umeandika na www, ondoa herufi hizo ujaribu tena. Mara nyingi linaisha hapo. Likiwa jina la kampuni usiyoijua kabisa, funga. Na mtoaji asiyejulikana kwenye tovuti kubwa ambayo jana ilikuwa nzima ni kosa ambalo siligusi kabisa. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitolea vyeti vya uongo, kikiwemo cha google.com, kilichotumiwa dhidi ya watu walioko Iran. Vivinjari viliiondoa DigiNotar kwenye orodha zao, na kampuni ikafilisika mwezi Septemba mwaka huohuo.

Ukikuta kitufe cha kuendelea hakipo kabisa, usikitafute. Tovuti hiyo imekiambia kivinjari, kwa utaratibu wa HSTS uliosanifishwa 2012, kwamba kamwe kisikubali cheti chenye kasoro. Benki na huduma kubwa za barua pepe hufanya hivyo. Kuna ujanja wa kukwepa unaozunguka miongoni mwa mafundi. Unawafaa wao kwenye seva za majaribio.

## Kama tovuti ni yako

Kwa ufupi, maana hii ni kazi nyingine. Ukichagua kati ya cheti cha kununua kinachowekwa kwa mkono na cha bure kinachojisasisha, chagua kinachojisasisha, na sababu yangu hata si bei. Ni kalenda. Tangu Septemba 2020 cheti hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Aprili 2025 Jukwaa la CA/Browser, linalokutanisha mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, lilipitisha ukomo mpya: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kubadilisha kwa mkono kila baada ya wiki sita hakuna mtu atakayekumbuka. Na usisubiri kukumbushwa: Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za tahadhari ya kuisha tarehe 4 Juni 2025.

Wageni wakilalamika kwamba tovuti inafunguka kwenye kompyuta lakini inagoma kwenye simu, usianze na simu zao. Uwezekano mkubwa seva yako inatoa cheti chako peke yake bila cheti cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Vivinjari vingine hujitafutia kipande kinachokosekana, vingine havijisumbui. Weka faili yenye mnyororo mzima, ambayo kwa anayetumia Certbot, programu inayochukua na kusasisha vyeti yenyewe, huitwa fullchain.pem.

Langu lililoniumbua lilikuwa jingine. Niliamka nikakuta ujumbe kwamba tovuti yangu imeisha cheti. Nikaingia kwenye seva, nikafungua faili: cheti ni kipya, kina siku zaidi ya hamsini mbele. Nikamjibu aliyenitumia ujumbe kwamba tatizo ni la kwake, arekebishe saa. Akanitumia picha ya skrini, saa yake iko sawasawa. Kumbe Certbot ilikuwa imefanya kazi yake mwezi mmoja nyuma, ikaandika faili mpya, ila nginx, programu inayowahudumia wageni wa tovuti kwenye seva, ilikuwa bado inatoa cheti cha zamani ilichokishika kwenye kumbukumbu tangu ilipowashwa. Amri moja ya kuipakia upya ikamaliza. Nikaongeza --deploy-hook ili amri hiyo ijiendeshe kila cheti kinaposasishwa, nikamwandikia yule bwana kumwomba radhi, na ukaguzi wangu wa kila siku nikauhamishia nje: sasa unaifungua tovuti kama mgeni na kusoma tarehe ya cheti anachokabidhiwa mlangoni.